Usiruke, Agnela

Sokon I, Arusha
4 Februari 2024

Mpendwa Agnela,

Kwanza shikamoo, Sista Pudensiana. Najua barua hii unaisoma wewe kabla ya mwenyewe, maana Mama Agnela ametuambia kwamba mlezi wa wanovisi ndiye anayefungua bahasha zote. Sina siri, Sista. Ukimaliza naomba umpe haraka.

Agi mwenzangu, hujambo huko? Usa River ni hapo tu, mtu anafika kabla hajamaliza kutafuna muwa, lakini tangu wakuchukulie simu naona kama umehamia Ulaya. Mwaka jana, ulipokuwa bado unalala kwenu Themi na kufundisha chekechea ya masista, sikuona kama kuna kitu kimebadilika. Jumamosi ulikuja ukumbini, tukavaa suti za judo, tukatupana, tukaenda kula mihogo. Mwezi uliopita nilipokubebea sanduku mpaka getini, na geti likafungwa, ndiyo akili ikanikaa sawa.

Jana Mwalimu Elinami alituwekea ile desturi yake ya kila mwaka mpya. Unaikumbuka: kila mtu anasimama katikati ya mikeka na kutamka lengo lake kwa sauti, wenzake wote wakimsikiliza, na mwaka ukiisha anasimama tena palepale kusema kama alifika au hakufika. Gadiel akasema lengo lake ni kupunguza hasira. Watu wakacheka, naye akakasirika. Ikafika zamu yangu. Nikasema, "Mkanda mweusi wa judo, mimi na Agnela, siku moja, kama tulivyoahidiana." Mwalimu akasema, "Naisiae, Agnela ameenda kwa masista." Nikamjibu, "Najua Mwalimu, sanduku nilibeba mimi."

Usidhani sijaelewa. Nimeelewa sana. Ila nadhiri zenyewe ni mwakani, na wangapi wameingia unovisi wakatoka, na hakuna aliyekufa? Binamu yako mwenyewe alitoka, leo ana duka na mapacha. Kwa hiyo nakuwekea nafasi. Mtihani ni Juni. Bila wewe nitafanyaje? Ile kata, mitupo ya kupangwa ya mtihani, ni ya watu wawili, mmoja anatupa na mwenzake anatupwa. Miaka yote hii mimi nimetupa, wewe umetupwa. Sijui kumtupa mtu mwingine.

Nakukumbuka, Agi. Nasema waziwazi, na Sista asikie.

Wako,
Naisiae

*

Nyumba ya Malezi, Usa River
25 Februari 2024

Mpendwa Naisiae,

Tumsifu Yesu Kristo. Ninyi Walutheri mnasema Bwana asifiwe, basi asifiwe pande zote.

Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Tunaamka mapema, tunasali, tunafanya kazi za shamba, tunasoma, tunasali tena. Nimepangiwa kukamua ng'ombe. Ungeniona ungecheka mpaka ukae chini. Sisi Wachaga kwetu ng'ombe anakaa bandani analetewa majani kama mgonjwa, nilikuwa sijawahi kumgusa chuchu. Huyu wa hapa anaitwa Malkia, na amejua siku ya kwanza tu kwamba mimi si Mwarusha kama wewe. Akiniona anainua mguu mmoja, anausimamisha hewani, anangoja.

Naisiae, usiniwekee nafasi. Nakuomba. Nimefurahi ulivyonitaja, lakini si vizuri ukumbi mzima ubaki kungoja mtu aliyekwisha kwenda. Tafuta mwenzako mwingine. Jackline ana mkanda wa kahawia kama wewe, na ni mtu mwaminifu. Una kipaji na una moyo, na mkanda huo utaupata.

Mimi niko ninapotakiwa kuwa. Nakuombea kila siku. Wasalimie wote, na kaka yako Kasaine. Kitu kimoja tu nitakiri: nakosa harufu ya yale maranda ya mbao tuliyojazia mikeka. Hapa kuna fundi seremala jirani, na upepo ukitoka upande wake huwa nasimama kidogo.

Wako katika Kristo,
Agnela, novisi

Nimesoma. Naisiae, marahaba. Sista P.

*

Sokon I
14 Aprili 2024

Agi,

Shikamoo Sista.

Haya, nimekusikia. Nimemchukua Jackline. Na sasa nakuuliza wewe uliyenishauri: nilikukosea nini?

Jackline unamjua, anauza ndizi pale soko la Kilombero, mikungu anaibeba mwenyewe kutoka kwenye lori. Agi, yule si mtu, ni mwamba wa Mlima Meru uliovaa suti. Namvuta, hasogei. Namwingia kwa ule mtupo wa gunia, wa kumbeba mtu mabegani na kumpitisha upande wa pili, basi ananikalia mgongoni kama mtoto aliyeshiba. Nahema chini yake. Namwambia, "Anguka basi, dada!" Ananijibu kwa sauti ya pole kabisa, "Niangushe, nitaanguka." Juzi nikamwambia ana kiburi. Akasema, "Mimi? Mimi nimesimama tu."

Mvua nayo haituachi. Maji yaliingia ukumbini, mikeka ikalowa, tukaianika nje ya usharika kama mahindi. Mwalimu Elinami hasemi kitu. Anatutazama mimi na Jackline, anakuna kidevu, anaondoka. Nimechoka. Natoka dukani kwa Kasaine nikiwa na mafuta ya pikipiki mpaka kwenye nywele, nakwenda ukumbini kusukuma ukuta, narudi nyumbani mgongo unaniuma. Kwa nini na wewe ilikuwa rahisi? Wewe nilikuwa nikikugusa tu unapaa. Watu walikuwa wanasimama mlangoni kututazama. Kulikuwa na siku nilijiona sina mfano Arusha nzima.

Nirudishie hayo, Agi. Au niambie nifanye nini na huyu mama.

Naisiae

*

Nyumba ya Malezi
5 Mei 2024

Mpendwa Naisiae,

Pole sana, mwenzangu. Barua yako niliisoma nikiwa zizini, nikacheka, Malkia akashtuka, ndoo ikamwagika. Nimeosha zizi lote kwa sababu yako.

Mwonee huruma Jackline. Hajakuzoea. Labda umwelekeze hivi. Akiona unaanza kuingia, asimame kwa ncha za vidole. Atoe pumzi, magoti ayalegeze, na mkono wa kulia auachie uende unakotaka wewe. Ukishuka chini yake tu, yeye tayari awe anapanda. Asingoje nguvu yako, aisikie kabla haijafika. Ukifanya naye hivyo kwa wiki chache mtaelewana, na utakuwa mwepesi kama zamani.

Usikate tamaa. Wewe ni hodari, mimi najua kuliko mtu yeyote.

Hapa tumeingia katika mafungo, kwa hiyo nisipoandika usiwe na wasiwasi. Mama alikuja Jumapili ya wageni. Alinishika mkono muda wote na kuwaambia watu, "Huyu ndiye wangu." Amenawiri, Naisiae. Tangu baba afariki sijamwona amenawiri hivyo.

Wako katika Kristo,
Agnela

Nimesoma. Sikujua judo ina mambo mengi hivi. Sista P.

*

Sokon I
30 Juni 2024

Agnela,

Nimefeli.

Nitakueleza ilivyokuwa, halafu utanijibu swali moja tu.

Wiki moja kabla ya mtihani nilimsomea Jackline barua yako, yale maelekezo ya ncha za vidole na pumzi na magoti. Nilimsomea kwa furaha, kama mtu aliyeletewa dawa. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Naisiae, hayo si maelekezo ya kuanguka. Hayo ni ya kuruka. Mwenzako alikuwa anaruka." Nikamwambia ana wivu. Nikamfuata Mwalimu Elinami nyuma ya ukumbi, nikamuuliza. Unajua alinijibu nini? "Nilidhani mnajua." Akaongeza kwamba tulikuwa tunapendeza kutazama, hakutaka kuharibu. Hakutaka kuharibu! Mzee mzima!

Nikaingia kwenye mtihani hivyohivyo, maana suti nilishaivaa. Mtahini ametoka Dar es Salaam, mama mfupi mwenye miwani. Nilimwingia Jackline kama nilivyozoea kukuingia wewe, mwepesi, juujuu, mikono ya maringo. Hakwenda popote. Nikarudia. Hakwenda. Mara ya tatu yule mama akanisimamisha na kusema, taratibu kabisa, "Binti, unamtupa mtu ambaye hayupo."

Nililia mbele za watu, Agnela. Mimi! Kasaine alifunga duka siku mbili kwa ajili yangu.

Miaka yote hiyo nilitembea kifua mbele hapa mjini. Wadogo nikawafundisha. Nikakuhurumia wewe kwamba huwezi kutupa, unaweza kuanguka tu. Kumbe nilikuwa kama mtoto anayeshikishwa usukani wa gari lililozimwa.

Swali langu ni hili. Kuna hata siku moja nilikuangusha kweli?

Naisiae

*

Sokon I
11 Agosti 2024

Sista Pudensiana,

Shikamoo. Barua hii ni yako. Kama uliizuia barua yangu ya Juni kwa sababu ya maneno makali, naomba uniambie. Sijapata jibu na moyo hautulii.

Naisiae

*

Naisiae, marahaba. Sikuizuia. Ameisoma na anayo. Anakamua, anasali, anatazama ukutani. Mpe muda. Nawe punguza ukali wa kalamu, binti yangu. Mimi niliyesoma wa kwanza ilibidi nikae chini.
Sista P.
18/8/2024

*

Nyumba ya Malezi
1 Septemba 2024

Naisiae,

Hapana. Hata siku moja.

Nimekaa miezi miwili na neno hilo kwa sababu nilikuwa natafuta namna ya kulisema lisikuume, na hiyo ndiyo tabia yangu yenyewe, kwa hiyo nimeacha kutafuta.

Siku ya kwanza kabisa tulipopangwa pamoja, ulinivuta, nikateleza kwenye mkeka, nikaanguka kwa bahati mbaya. Ukafurahi. Ulicheka ukaruka ukanikumbatia nikiwa bado chini. Nilikuwa sijawahi kumfurahisha mtu kiasi kile. Wiki iliyofuata nikaanguka tena, safari hii kwa makusudi, ili niuone uso wako ukiwa vile. Basi. Sikuwa nakudharau. Nilikuwa nakupenda na sikujua njia nyingine.

Lakini barua yako imenifumbua macho upande mwingine, na hili nimemwambia Sista Pudensiana kabla sijaliandika, kwa hiyo yeye asishtuke. Unakumbuka mimi ndivyo nilivyo kila mahali. Mama akitamani kitu, kabla hajamaliza sentensi mimi nimeshakifanya. Baada ya msiba wa baba, mama alisema mbele ya ndugu, "Laiti mmoja wa watoto wangu angekuwa sista." Alisema tu, hakunitazama hata kidogo. Nikasema, "Mimi, mama." Nyumba nzima ikapiga vigelegele. Uso wa mama ukawa kama wako siku ile ya kwanza.

Sasa sijui, Nai. Sijui kama Mungu aliniita au niliruka.

Sista Pudensiana hakunifokea. Aliniambia jambo moja tu: nisijibu kitu chochote haraka. Hata wakiniuliza kama nataka chai, ninyamaze kwanza, nijue kama naitaka. Kwa hiyo sasa mezani wote wananingoja, birika limeinuliwa. Jana niligundua kwamba sipendi chai ya maziwa. Nimeinywa tangu utotoni.

Novemba tutapewa likizo ya wiki moja nyumbani kabla ya kuamua juu ya nadhiri. Nitakuwa Themi.

Nisamehe, au usinisamehe kwanza, fikiri.

Agnela

Nimesoma yote. Nimeiacha ipite ilivyo. Sista P.

*

Sokon I
15 Septemba 2024

Agi, Agi, Agi,

Nimekusamehe. Sijafikiri hata kidogo, nimekusamehe tu.

Rudi nyumbani! Si umesema mwenyewe hujui? Mtu asiyejua anarudi kwao anakaa, anakunywa chai ya rangi, anafikiri vizuri. Chumba cha uani kwa Kasaine kiko wazi. Mama yako atalia wiki mbili, ya tatu atazoea, Mchaga hawezi kulia huku kazi zinamngoja.

Sikufichi, nimeanza upya na Jackline kama mtoto wa mkanda mweupe. Jackline ananifundisha kushuka. Anasema mimi natupa kwa mikono na mtu hutupwa kwa miguu. Bado hasogei, lakini juzi kisigino chake kimoja kiliinuka, tukashangilia wote wawili.

Novemba njoo ukumbini. Uje na suti. Nataka kukuangusha mara moja ya kweli. Usinisaidie, Agi. Usiruke.

Naisiae

*

Sokon I
15 Desemba 2024

Agnela,

Sijakuandikia tangu urudi huko, mwezi mzima. Nilikuwa na hasira, halafu hasira ikaisha, kikabaki hiki nilicho nacho sasa ambacho ni kibaya zaidi.

Kila siku nairudia Jumamosi ile ya likizo yako. Ulikuja, ukavua kitambaa chako cheupe cha kichwani, ukakikunja vizuri juu ya benchi, ukavaa ile suti yako ya zamani. Ukasimama mbele yangu. Nikakushika, na nikashtuka, maana ulikuwa mzito. Miaka yote nimekushika na sikuwahi kujua una uzito gani. Mara ya kwanza hukusogea. Ya pili nikakuona umeuma meno, unajizuia. Jackline akapiga kelele kutoka pembeni, "Shuka! Shuka bado!" Nikashuka mpaka magoti yakakaribia mkeka, nikakupata, ukapita juu ya mabega yangu ukatua, na ukumbi mzima ukasikia.

Ulibaki umelala unatazama mabati. Ukacheka. Halafu ukaanza kulia. Mimi nikasema moyoni, nimemrudisha. Nikakupa mkono, nikakwambia, "Umeona sasa? Twende nyumbani." Ukaniambia, "Nai, sasa najua kuangushwa kunakuwaje." Ukafunga kitambaa chako. Jumatatu ukaenda zako Usa River. Wala hukuniambia unakwenda kufanya nini.

Haya, habari nyingine. Jana nimepata mkanda mweusi. Nilirudia mtihani na Jackline. Aliponguruma na kuanguka, yule mama wa miwani aliandika kitu, akaniinulia kichwa mara moja tu. Nilipompelekea bibi yangu habari kule Oldonyosambu, koko akaushika mkanda, akaugeuza. Akasema nyeusi huvaa vijana waliotoka jandoni juzi, ambao hata kutembea bado kunawauma. "Sasa wewe unaringa nini?" Nikamwambia siringi, koko. Na kweli siringi.

Kwa sababu jioni hiyohiyo ukumbini ilikuwa siku ya kusimama na kusema kama tulifika. Gadiel akasema hakufika, na hakukasirika, kwa hiyo tukampigia makofi. Mimi nikasimama na mkanda mpya kiunoni. Nikasema sikufika. Mwalimu Elinami akasema, "Naisiae, huo uliouvaa ni nini?" Nikalikaza fundo. Nakueleza wewe. Nilitamka mkanda, lakini lengo langu lilikuwa wewe urudi. Mwaka mzima nimeamka alfajiri, nimevunjika mgongo, nimelia mbele ya watu, nikidhani nikiwa hodari vya kutosha utarudi. Nimekuwa hodari. Hujarudi.

Niambie unaamua nini. Usiseme polepole.

Naisiae

*

Nyumba ya Malezi
5 Januari 2025

Nai wangu,

Heri ya mwaka mpya, na hongera. Nimelitamka neno mkanda mweusi mezani, wanovisi wote wakapiga makofi, wakadhani ni wa kwangu.

Nitasema bila polepole. Nitaweka nadhiri zangu za kwanza tarehe 2 Februari, Jumapili, hapa kanisani kwetu.

Siku ile ukumbini ulipoanza kuniinua, mwili wangu wote ulitaka kuruka. Vidole vya miguu vilikuwa vinawasha. Nikajizuia, nikasema, kama hawezi basi hawezi, na akasirike. Halafu ghafla chini hakukuwepo. Si mimi niliyekwenda, nilichukuliwa. Niliogopa na nikafurahi vyote pamoja. Nikasema hapohapo, nikiwa bado natazama mabati: kama wito wangu ni kitu cha namna hii, nitabaki. Kama sivyo, nitarudi kwenye chumba cha uani cha Kasaine na sitamwogopa mtu.

Nikarudi huku, nikangoja. Mama alikuja kabla ya Krismasi, nikamwambia, "Mama, huenda nisiape." Alilia sana. Nilimshika mkono, nikamwacha alie, na sikumwambia neno la kumnyamazisha. Ni mara ya kwanza maishani mwangu. Aliporudi nyumbani akiwa bado analia, nikajua sasa niko huru kuondoka. Nikafungasha vitu akilini, hata sanduku nililiteremsha.

Siku chache baadaye nilikuwa zizini asubuhi. Hakuna aliyekuwa ananitazama isipokuwa Malkia, na huyo hanipendi. Hakukuwa na uso wa kufurahisha. Na nikaona kwamba nataka kubaki. Hakuna mwanga uliotoka mbinguni, Nai, kulikuwa na baridi na kinyesi. Lakini nilikuwa nataka, mimi mwenyewe. Nikalirudisha sanduku juu ya kabati.

Najua si hili ulilolifanyia kazi mwaka mzima. Njoo, tafadhali. Sitaki kuapa mbele ya watu wote wanaofurahi.

Agnela

*

Sokon I
19 Januari 2025

Agi,

Nitakuja.

Nimekaa na barua yako tangu iletwe. Jackline ameniambia nikuandikie maneno mazuri, nikubariki, nikuache uende kwa amani. Nimejaribu. Nimechana karatasi mpaka Kasaine ameuliza kama nafungua kiwanda cha bahasha.

Sikiliza basi. Mimi sitaruka ili kukufurahisha. Ukiniuliza kama nimekubali, sijakubali. Nataka urudi. Nataka Jumamosi za mihogo, nataka ubishi wako wa kimyakimya, nataka kuzeeka na wewe tukiwa vibibi wawili wenye mikanda myeusi, tunaogopwa na wajukuu. Ninalitaka hilo kwa roho yangu yote, na nikisema vingine nitakuwa nakudanganya kama ulivyonidanganya.

Kwa hiyo nitakuja na pikipiki ya Kasaine, na helmeti mbili. Nitakaa benchi la mwisho karibu na mlango, ya pili nimeishika mapajani uione. Baba Askofu akikuuliza unaomba nini, nyamaza kwanza, kama kwenye chai. Ukiona unaitaka helmeti, shuka hapo mbele, pita katikati ya kanisa mpaka kwangu. Sitakuuliza swali. Tutakuwa Tengeru kabla kwaya haijajua iimbe nini.

Usipokuja, nitajua kwamba mama yako alikuvuta upande mmoja na mimi nikakuvuta wa pili, kwa nguvu zangu zote halali za mkanda mweusi, na hukusogea.

Samahani Sista Pudensiana. Ukitaka kuizuia hii, izuie, lakini nitakuja hivyohivyo.

Naisiae

*

Naisiae, sijaizuia, ameisoma. Benchi la mwisho nitakuwekea nafasi. Sista P.

*

Usa River
9 Februari 2025

Nai,

Sasa naandika barua zangu mwenyewe na hazipiti kwa mtu. Ajabu, nimekaa muda mrefu mbele ya karatasi. Nimezoea kujificha kidogo nyuma ya Sista Pudensiana.

Nilikuona tangu tunaingia kwa maandamano. Ulivaa lile gauni la bluu la harusi ya Kasaine, na helmeti nyekundu mapajani, na umenyoosha mgongo kama uko mbele ya watahini. Mama alikuwa benchi la kwanza, wewe la mwisho. Mimi katikati yenu.

Baba Askofu aliponiuliza ninaomba nini, nilinyamaza. Wenzangu wanasema nilinyamaza mpaka mpiga kinanda akageuka. Mama alijishika mdomo. Watu walidhani nimesahau maneno, na mwenzangu wa kulia akaanza kuninong'oneza. Sikuwa nimesahau. Nilikuwa natazama helmeti. Nilikuwa najiona nikipita katikati ya watu, mlangoni kuna jua, nakaa nyuma yako nimekushika kiuno, upepo. Nilitaka, Nai. Nakwambia ujue, usije ukadhani ilikuwa rahisi. Nilitaka mpaka miguu ikauma.

Halafu nikajibu. Nilijibu kwa sauti yangu, wala sikuhimizwa. Tangu hapo mpaka mwisho wa misa sikugeuka kukutazama tena, nawe umeona, na najua umeumia. Sikugeuka kwa sababu ningeuona uso wako. Najua ninavyofanya nikiuona uso wako una huzuni. Ningekuja.

Nilikutafuta kwenye pilau, nikakutafuta kwenye ngoma. Sahani yako niliificha chini ya meza na kipande cha nyama cha mfupa, unachokipenda. Mwishowe nikaenda getini. Mzee Mikaeli mlinzi akaniambia ulitoka wakati wa wimbo wa mwisho. Anasema ulivaa helmeti yako, na ile nyingine ukaiweka kwenye siti ya nyuma, ukaifunga kwa mpira, ukaikagua kama imekaa vizuri, ukaondoka polepole sana.

Nilimshukuru, nikarudi kwa wageni. Nikafika mpaka kwenye migomba, nikakaa chini na joho jipya, nikalia. Sista mmoja akaja kunibembeleza, akaniambia nyamaza, leo ni siku ya furaha, watu watakuonaje. Nikamwambia aniache. Nikaendelea mpaka nilipomaliza.

Sista Agnela